Wangapi Walianza, Wangapi Walifika

Jumatano. Mvua imekatika saa nne, ziwa limebaki la kijivu, nami nimerudi shuleni kwangu Bangwe kwa miguu na madaftari ya mahudhurio kichwani. Shingo inauma. Sijali.

Leo nimebaki kuwa mwalimu mkuu.

Barua ya kunivua cheo ilikuwa imeshapigwa taipu. Niliiona mezani kwa Afisa Elimu, jina langu juu, imekosa sahihi tu. Kosa langu ni mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Shule ya mjini walifanya watoto thelathini, wakafaulu ishirini na wanne. Kwangu walifanya arobaini na mmoja, wakafaulu ishirini na wawili. Wao wa kwanza, sisi mkiani.

"Mama, naona dagaa wamekushinda," akasema Afisa mbele ya walimu wakuu wote. Kicheko. Mwenzangu wa mjini ndiye aliyecheka kupita wote.

Mimi ualimu sikuupata kwa kubebwa. Mama yangu alikuwa mwanika dagaa Kibirizi. Nilianza kwa kumshikia zamu mwalimu mgonjwa, na mitihani yangu nikaifanya mtoto yuko mgongoni. Kwa hiyo watu wakinicheka, huwa nahesabu.

Nikamwomba Afisa afungue faili la ripoti tulizoleta wenyewe watoto hao walipokuwa darasa la tano. Shule ya mjini: hamsini. Kwangu: arobaini na wanne.

"Ndugu Afisa, wale ishirini wa mjini wako wapi?"

Mwenzangu akakohoa. "Tumewarudisha darasa la sita. Walikuwa wazito."

"Wazito wa kwangu walikaa na karatasi kama wengine," nikamwambia. "Sisi dagaa tunaanika wote, wakubwa kwa wadogo, ndipo tujue ziwa limetoa nini. Wewe umechambua kwanza, ukapeleka sokoni sahani moja."

Wakacheka tena. Safari hii hawakunicheka mimi.

Nikamfungulia Afisa madaftari. Watatu walionipungukia nawajua kwa majina: wawili walihama na wazazi kwenda kijiji kipya cha ujamaa, mmoja akaozwa. Huyo wa tatu bado ananiuma.

Afisa akashika penseli, akagawa mwenyewe. Ishirini na wanne kwa hamsini, haifiki nusu. Ishirini na wawili kwa arobaini na wanne, nusu kamili. Akarudia kugawa, maana hakupenda jibu. Kisha akaitia barua kwenye droo na kuagiza kila shule ilete idadi yake ya darasa la tano ndipo tupangwe upya.

Hakuniomba radhi. Alisema tu, "Kaa, Mwalimu." Nikakaa, kifua mbele.

Njia nzima nilikuwa naimba. Nikafika karibu na shule, wimbo ukanikauka. Nilikumbuka barua nyingine, na hiyo niliiandika mimi.

Juma lililopita nilimpa onyo Mwalimu Gervas wa darasa la nne, kwa kuwa watoto wake walianguka katika jaribio langu la hesabu. Siku ya jaribio niliichagua mwenyewe, katikati ya wiki ya giza. Mwezi ukiwa haupo, wavuvi huenda ziwani na taa za karabai, na alfajiri nusu ya darasa wako ufukweni wanaanika dagaa kabla ya kengele. Wanaingia darasani wanasinzia.

Mimi, mtoto wa mwanika dagaa, nilisahau kuuangalia mwezi.

Gervas hakubishana. "Sawa, Mama," akaikunja barua, akaitia mfukoni.

Kumbe na mimi, kama Afisa, nina barua ya kurudisha drooni.

Kesho, kabla ya kengele, nitamwomba anirudishie ile karatasi. Nitaichana mbele ya walimu walewale walioniona nikimkabidhi. Jaribio litarudiwa mbalamwezi itakapokuwa kali, watoto wakiwa wamelala vya kutosha.

Ni siku sita kutoka leo. Nimeshahesabu.