Nimemjibia Rehema

Jumanne

Mdomo wangu huu! Leo kliniki nesi kamuuliza mwanangu Rehema, mwenye ugonjwa huu wa ngozi kukakamaa, "Dada, unakula mwenyewe bila shida?" Mie nikadakia, "Anakula vizuri tu, tunamshukuru Mungu." Nesi akaandika hivyohivyo. Rehema vidole kavifunika kwa khanga.

Jioni nikawa nammegea vitonge vidogo vya ugali kama siku zote, maana vidole havikunjiki, mdomo haufunguki vizuri. Akacheka. "Mama, si nakula mwenyewe?"

Nilitaka kulia. Daktari atamwachia dawa ileile akidhani inamsaidia, kisa mie naona aibu kusema mwanangu analishwa.

Kesho tunarudi kliniki kumwona daktari. Nitakaa benchi la nje, ajibu mwenyewe, hata kama ni yale ninayoyaogopa.