Mwaka Ulioandikwa Kwenye Mtutu

Jumatatu, 7 Oktoba

Baridi. Ngazi zilikuwa na barafu asubuhi, vidole havishiki tufaha.

Mchana Mzee Thayer aliniita jikoni kwake. Mwenye shamba amekwisha — amebaki mifupa na kikohozi. Kesho anapelekwa hospitali na anajua harudi. Mezani palikuwa na bunduki ya marisau ya marehemu baba yake. Akasema niipeleke posta, iende kwa ndugu yake Amos, Ohio. Mwanawe wa kumzaa yeye mzee, Curtis, akiiona ataiuza hata maiti haijapoa.

Nikamwambia, mzee, mimi mtu wa viza ya kuchuma matunda, bunduki si mzigo wangu.

"Soma hapo kwenye mtutu, Linval. 1897. Sheria haiiti hii bunduki. Ni kikongwe tu, kama mimi." Akacheka mpaka akakohoa.

Kweli imeandikwa. Na mzee huyu hajakosa msimu hata mmoja kuniita kutoka Jamaika. Ningesemaje hapana? Nimempa neno langu.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua, hatukuchuma. Nikaenda posta na boksi. Mama wa dirishani akauliza kuna nini ndani. Sikuona sababu ya kudanganya. Akaondoa mikono kama aliyegusa jiko.

Hakunifokea lakini. Akanieleza taratibu. Iliyotengenezwa kabla ya 1899 inapita kama kitu cha kale, ila niwe na uthibitisho. Ikiwa ya baadaye, haiendi mkononi mwa mtu wa jimbo jingine. Inakwenda kwenye duka lenye leseni huko, Amos aifuate hapo. Isiwe na risasi. Nje ya boksi pasiandikwe kilichomo. Kampuni za vifurushi nazo hazitaki kuipokea kwa mtu asiye na leseni kama mimi, mpaka itoke dukani.

"Kamwone Hollis, yule wa duka la bunduki," akasema. "Aisome namba."

Alhamisi, 10 Oktoba

Hollis ameisoma namba. "1897 ni jina la modeli, bwana. Hii imetoka kiwandani 1911."

Jina tu! Kama mtu kuitwa Jumapili naye kazaliwa Jumanne.

Kisha akaniuliza nina karatasi gani. Nikasema viza ya shamba. Akarudi nyuma. Akasema mtu wa viza kama yangu akikutwa na hii ni jela, na baada ya jela ni ndege, na hakuna kurudi tena. Nikamwomba basi aipokee yeye.

"Nikiipokea lazima niandike imetoka kwa nani. Niandike jina lako? Mwenyewe ailete. Au mwanawe."

Akageukia dirishani, akabaki amenipa mgongo mpaka nikatoka. Nimerudi nayo kwa miguu. Kila gari lililopita lilinipita kifuani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumechuma upande wa ziwani. Mgongo umekufa.

Nimepiga simu hospitali. Mzee hasemi tena, hamtambui mtu. Kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba alinipa.

Bagga, mwenzangu wa chumba, amelijua boksi lililo chini ya kitanda. "Umemficha mke wa mtu humo?" Nilipomwambia, akaacha kucheka.

"Litupe ziwani."

"Ni la mzee."

"Mzee hafungwi, ndugu yangu. Anayefungwa ni wewe."

"Nimpe Curtis?"

"Curtis? Huyo anatafuta sababu ya kutufukuza sote, na wewe umpelekee imefungwa karatasi ya zawadi?"

Akakanda unga wa madonge.

Jumapili, 13 Oktoba

Mzee amefariki alfajiri. Nimelia kidogo, nyuma ya makreti.

Tangu saa tatu Curtis anafungua makabati nyumba kubwa. Tunayasikia mpaka huku. Sasa kuna gari la askari wa kaunti uani na Curtis yumo humu bwenini, anapita chumba kwa chumba. Hafoki. Anauliza kwa sauti ya chini, sauti ya mfiwa, kama kuna aliyemwona baba yake akimpa mtu kitu. Afadhali angefoka.

Ningeweza kutoka nikamweleza. Nani ataamini? Na hata akiamini, nimeishika. Hilo tu linatosha.

Bagga amelivuta boksi, amelikalia, sahani ya madonge na nyama ya kopo mapajani. Nimemwambia ondoka hapo, viza yako ni kama yangu. Anatafuna.

"Wewe andika tu," anasema.

Viatu vimesimama mlangoni kwetu.