Msiba wa Mbotela

Dada Rasoa,

Mimi ni mzima, ila kichwa kinanizunguka. Jana jioni binti yangu Nekesa alinipeleka ukumbi wa mtaa hapa Mbotela, tule chakula cha kifahari kisha tuone opera, yaani mchezo ambao watu huimba hata wanapoombana chumvi. Sahani ilikuwa pana kama ungo, na katikati ugali wa kushibisha kifaranga. Nikangoja waongeze. Hawakuongeza.

Halafu mama mmoja jukwaani akaanza kumlilia mwanawe aliyekufa, na ukumbi mzima umekaa ukimtazama tu. Wewe ungevumilia? Nilisimama, nikashika kichwa, nikapiga nduru kama tunavyofanya nyumbani. Nekesa akanivuta gauni: "Mama, kaa chini, hakuna aliyekufa." Watu wakapiga makofi. Mpaka sasa sijui walikuwa wakimpigia nani.

Baadaye yule mwimbaji akanitafuta, akanishika mikono, akaniuliza nimefiwa na nani.

Nikamwambia, "Sijafiwa. Nimeona unalia peke yako."

Mungu akutunze, wasalimie watoto, na nikifika unisongee ugali wa mtu mzima.

Dada yako, Nafula