Uyoga Ulipoota Bila Wewe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea nisianze habari kabla ya salamu, na siwezi kuacha leo.

Unakumbuka ulipokuja Morogoro kuiona maabara yangu? Nilikuinamisha kwenye hadubini uone seli ya jani la tumbaku, zao lililotusomesha. Nilikuwa nimetia rangi inayong'aa ili vijibomba vilivyomo ndani vionekane, vile vyembamba vinavyoipa seli umbo na kutenganisha kromosomu inapogawanyika. Ukatazama weee. Kisha ukauliza, "Sasa hapa mkubwa wao nani?"

Nilicheka sana. Nikakueleza kwamba kwenye uyoga yupo: seli inapogawanyika, vijibomba huanzia kwenye kitovu kidogo kilichopachikwa kwenye utando wa kiini. Mmea hauna kitovu cha namna hiyo. Vijibomba vyake huanzia sehemu nyingi, mara nyingi ubavuni mwa kijibomba kingine, na bado hujipanga vizuri. Hukuridhika. "Mwanangu, kila nyumba ina mtu wa kuita wenzake. Hujatazama vizuri."

Nyumba yetu ilikuwa naye. Mvua za kwanza zikishanyesha kwetu Goweko, ulipiga simu, ukasema "Uyoga umeota," ukakata. Basi. Dada Tatu anafunga duka lake mjini, pale Gongoni, mimi napanda basi, na kaka Masanja tunamkuta shambani keshajiandaa kututania. Tunaingia porini nyuma yako na vikapu, na hakuna anayechuma kabla wewe hujachuma wa kwanza na kuunusa. Nilikuwa naona unatuchelewesha. Sasa natamani unicheleweshe siku nzima.

Ulipotutoka, mvua zilinyesha kama kawaida na simu haikulia. Nikanuna mwaka mzima. Nilidhani wenzangu wamenisahau, kumbe wao walidhani nawaringia kwa usomi wangu. Safari hii nilishindwa kuvumilia, nikampigia dada. Akasema, "Mimi ni nani nikae nafasi ya mama? Nilikuwa namsubiri kaka aite." Kaka naye alikuwa akimsubiri dada. Mama, tulikuwa tunapoteana kwa heshima.

Nikamwomba Tatu ampigie Masanja, na Masanja awaambie watoto wake. Tukaenda. Mbele ya uyoga wa kwanza tukasimama sote watatu, mikono nyuma, kila mmoja akimtazama mwenzake. Hatimaye Tatu akainama, akachuma, akaanza kulia. Kaka akachuma wa pili, akaunusa kama ulivyokuwa ukifanya. Tulijaza vikapu, na tumekubaliana kwamba kuanzia sasa yeyote atakayeuona uyoga kwanza ndiye atakayeita wenzake.

Kwa hiyo nimekushinda katika ubishi ule. Watu wanaweza kujipanga bila mkubwa, na wanao tumejipanga. Ungefurahi kutuona tukila, tukigombania mchuzi. Nami nilicheka pamoja nao, kisha nikatoka nje kidogo, nikajifanya natafuta mtandao wa simu.

Mmea haujawahi kuwa na mama, haujui unachokosa. Mimi najua.

Lala salama, mama.

Ni mimi, kitindamimba wako