Kibaba cha Chumvi

Keko, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Na shikamoo nyingine pokea kutoka kwa Maganga, maana huko aliko hawezi kuandika. Miguu yako inaendeleaje tangu mhamie kijiji kipya? Mihogo imekubali ardhi ya huko? Mimi nipo, napiga randa kama kawaida. Nawe mwalimu wa kisomo unayemsomea mama, mkalishe kwanza, kisha msomee yote, usiruke mstari.

Mama, mwanao Maganga ameua mtu. Yuko mahabusu, yu hai. Nimelitanguliza hili kwa sababu maneno yatafika huko yamevimba, na sitaki uyasikie kisimani.

Aliyekufa ni Pazi, rafiki yangu, Mzaramo wa Temeke, yule niliyekuandikia kwamba ndiye aliyenizoesha mji. Kila Jumapili mchana tulikwenda dansini. Ungeona, mama! Wiki nzima tunafokewa kazini, sukari foleni, unga foleni. Lakini gita likianza kulia, mpakia mizigo wa bandarini na karani wanashikana mabega. Wote tumevaa bugaluu, suruali zinafagia sakafu, na Kiswahili chetu kimoja. Hakuna anayeuliza kabila. Pazi alikuwa na mtindo wake: anainama kama aliyeangusha sindano, anaitafuta sakafuni, halafu anaruka nayo juu, na ukumbi mzima unamfuata. Pale nilisahau shida zote, hata nyumbani nilikusahau, nisamehe.

Jumapili ile nilimchukua Maganga, mgeni wa mji, nimfurahishe. Alikaa pembeni na soda yake, anatabasamu. Wimbo ulipokolea, Pazi akaninyang'anya kofia, akaivaa, akapaza sauti:

"Jamani, mnamwona huyu? Mtumwa wangu huyu! Mama yake nilimnunua kwa kibaba cha chumvi, na chenji nikarudishiwa!"

"Nyamaza we!" nikamjibu. "Babu yako si aliuza shamba ili acheze ngoma?"

Watu wakacheka. Ulikuwa utani tu. Wewe unajua Mnyamwezi na Mzaramo wametukanana tangu mababu zetu wakishusha mizigo ya misafara pwani, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Maganga naye anajua. Ila hakujua kwamba Pazi ni Mzaramo. Angejuaje, na pale sote tumefanana? Alichosikia ni mhuni wa mjini anamwita mama yake mtumwa.

Akanyanyua kiti. Viti vya ukumbi ule ni kazi yangu, mama, mninga mtupu, mbao za kwetu. Nilivitengeneza visivunjike, na kile hakikuvunjika. Pigo la kwanza lilimpasua Pazi juu ya sikio. La pili lilimkuta sakafuni. Damu ilinirukia shati, na mpiga tumba hakuona, akaendelea kupiga. Kisha chupa zikaruka, watu wakamwangukia Maganga kwa mateke na mikanda. Nililala juu yake, nao wakanipiga mimi. Meno yangu mawili yamebaki pale. Pazi alikata roho kabla ya magharibi.

Nina hasira, mama. Kuna saa natamani ningewaachia wammalize. Halafu nakumbuka ni mdogo wangu, nalia.

Mazishini niliogopa kwenda. Mama yake Pazi akatuma watu wanichukue, nami nikajua nakwenda kufa. Nilimkuta mkekani, macho makavu.

"Mtani gani wewe, msiba umefika unajificha?" akasema. "Nani atamcheza mwanangu?"

Akanitupia bugaluu ya Pazi. Kazi ya mtani msibani unaijua, kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke. Nikaivaa. Nikainama mbele yao, mdomo umevimba, nikaitafuta ile sindano. Watu wakacheka huku wanalia. Yeye alicheka kuliko wote, kisha akainuka akanizaba makofi mpaka mikono ikamchoka, akaniangukia begani. Sikujikinga.

Nilipomweleza Maganga kwamba yule alikuwa mtani, alijigonga kichwa ukutani mpaka askari wakamshika. Sasa hali chakula. Kesi ikisomwa anaweza kunyongwa. Mama Pazi amekubali kusimama mahakamani aseme ulikuwa utani na kijana hakuelewa, lakini kwanza anataka akuone wewe. "Mie nishazika," aliniambia. "Mwenzangu bado anaye. Aje."

Basi njoo, mama, panda treni. Mwombe balozi wetu wa nyumba kumi akuandikie ruhusa ya safari, na umpe salamu zangu. Msalimie shangazi anayekupikia. Mchumba wa Maganga mwambie mwenzake anaumwa, mengine nitamwambia mwenyewe.

Ukifika, tutaanza kwa mama Pazi kabla ya mahabusu. Nakuomba usiingie pale unalia, wala usiombe radhi mlangoni. Ingia kwa sauti kubwa, udai kibaba cha chumvi, useme kwenu hakikufika. Anakungoja.

Ni mimi mwanao,
Shabani