Bati Huitika

Jumamosi, Aprili

Mume wangu bado amenuna. Toka mtaa wa Jane and Finch, tulikokwenda kutazama gari, mpaka hapa nyumbani Mississauga amekunja uso, utadhani gari lile nimelitia kutu mimi.

Lilikuwa zuri, sikatai. Gari la michezo la Kimarekani, la zamani, jekundu, pua ndefu. Picha ya gari kama hilo aliibandika ukutani Mwanza kabla hajanioa. Muuzaji alipowasha injini, Baba Salma akasahau hata kuuliza bei.

Mimi nikapiga magoti, nikagonga chini ya milango. Marehemu baba alikuwa fundi bodi, na alitufundisha: unaponunua gari mara ya kwanza, usitazame rangi, gonga usikilize. Bati huitika, puti hunyamaza. Alikuwa akigonga kwa konzi nyepesi, anainamisha kichwa, anagonga tena.

Lile jekundu lilinyamaza kote. Chumvi wanayomwaga barabarani huku wakati wa theluji imelila bati, wakaziba matundu kwa puti na kupaka rangi.

"Baba Salma, hili ni puti tupu."

"Mama Salma, unaniaibisha mbele za watu."

Tukaondoka. Lakini naogopa. Amelisubiri ujana wake wote, na sasa magoti yenyewe yanamsumbua. Kama hatapata lingine...

Sasa yuko gereji, kwenye gari letu la kila siku. Namsikia kutoka hapa jikoni. Anagonga, anatulia kama anayesikiliza, anagonga tena, vilevile kama marehemu.

Nusura niitike: "Abee, baba!"