Mapindo ya Fundi Mkasi

Mwaka umetimia, mzee wangu, tangu ulipotuaga. Cherehani yako bado iko pale dirishani, na wajukuu bado wanagombania kukanyaga pedali.

Tunakumbuka ulivyobana pini midomoni ukazungumza nazo vivyo hivyo, nami nikakuelewa. Mtoto akija kujaribu sare, ulimwambia, "Haya, bwana mkubwa, nyoosha mikono tukuone." Hata mwenye aibu alicheka.

Kuna jambo nataka ulijue.

Uliondoka ukiitwa mwizi wa vitambaa. Jina la Mkasi walikupa kwa sababu hiyo, maana mabaki hukuwarudishia. Jirani yetu muuza mkaa alisimama mlangoni, watu wakisikia: "Fundi, mwanangu mwembamba kama njiti. Hiyo sketi imekulaje kitambaa chote kile? Au mmeshonea mapazia?"

Ulimjibu kwa upole, "Dada yangu, mtoto akirefuka, njoo tena." Hakuja. Alihamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na wengine wakamfuata.

Mimi nilichukia. "Si uwaambie!"

"Mama watoto, nikiwaambia watafumua leo leo, mtoto afagie njia nzima kwa sketi."

Ukatutoka kabla watoto hawajarefuka. Hata msibani niliwasikia wawili wakinong'ona, "Alikuwa mtu wa watu, ila kwenye vitambaa, mh!" Maneno hayo nimelala nayo siku nyingi.

Sasa watoto wamerefuka, mzee wangu. Muuza mkaa alikuja na sketi ya bintiye, pindo limefumuliwa. Ndani kitambaa kilikuwa kimekunjwa mara tatu, rangi yake mpya kabisa. Ubavuni vilevile, na kiunoni.

"Mama, kumbe kilikuwa humu humu," alisema. "Nilishataka kununua nyingine, nikasema kwanza nifumue pindo." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia. Nilimpa maji, kisha nikamshonea pindo jipya.

Tangu hapo kina mama wanakuja na sare zao. Mtoto akipita na alama ya pindo la zamani kwenye sketi, utasikia, "Huyo kashonewa na Mkasi." Wanalitaja jina hilo kwa heshima, ungewasikia.

Unakumbukwa na mimi mkeo, wanao, wakwe zako, wajukuu wote na dada yako. Muuza mkaa aliposikia tunaandika tangazo hili, alisema, "Mama, niwekeni na mimi, hata mwishoni." Tumemweka.

Siku zote tutakukumbuka, fundi wetu.